Spea za Kwenda Niasa

Nyumba yetu haina stoo, na haijawahi kuwa nayo. Babu aliyeijenga, mtaa wa pili kutoka Msimbazi, aliona upuuzi kutenga chumba cha kuwekea vitu wakati soko zima la Kariakoo liko nje ya mlango. Chumvi ikiisha, tunavuka barabara. Balbu ikiungua, tunavuka barabara. Mke wangu akiwa anakaanga samaki akakuta mafuta hayatoshi, hupunguza moto, hutia ndala miguuni, na hurudi kabla samaki hajafika wakati wa kugeuzwa. Maghorofa yametuzunguka pande zote, sisi bado tumo katika nyumba ileile ya Kiswahili yenye baraza, na duka langu la vyombo vya plastiki liko karibu kiasi kwamba nikisahau miwani nyumbani, naifuata na kurudi mteja akiwa bado anachagua ndoo.

Kwa hiyo niliposema nitampeleka mama Niasa kwa gari, sikujua nasema nini.

Niasa ninayoisema ni ya Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Mama ni Myao. Wazazi wake walihamia Dar es Salaam yeye akiwa mtoto, lakini mdogo wake, ambaye kwangu ni mama mdogo, aliolewa akarudi upande ule, na huko ndiko alikozalia na kuzeekea. Zamani alikuja kwetu kwenye harusi na misiba. Baadaye akapunguza, halafu akaanguka uani kwake, nyonga ikavunjika, na tangu hapo hatembei. Kijijini kwake mtandao unapatikana kilimani tu, kwa hiyo akitaka kuongea na mama lazima wajukuu wambebe mpaka juu. Mazungumzo yenyewe yalikuwa mafupi na ya kupaza sauti, kila mmoja akimwuliza mwenzake kama anasikia.

Siku moja, baada ya simu ya namna hiyo, mama alibaki na simu mapajani. Nilikuwa nakula. Akasema, "Nataka nimwone mdogo wangu. Yeye hawezi kuja. Mimi bado naweza kwenda."

Mama ana presha, ana magoti yanayolalamika kabla hajainuka, na umri wake yeye mwenyewe anaukadiria. Basi zuri linaishia Songea. Kutoka hapo kwenda mpakani na kuendelea ni kudandia malori, na mama hawezi kupanda lori. Mimi nina gari, gari la dizeli la zamani linalovuta kwa magurudumu yote manne, lililotengenezwa kwa ajili ya milima na matope, ambalo kazi yake kubwa mjini hapa ni kubeba mabeseni na kutupeleka Magomeni kwa shemeji siku za Jumapili. Nikasema, "Nitakupeleka, mama." Mke wangu alinitazama, akaendelea kuchambua mchicha.

Niliogopa. Sioni sababu ya kulizungushazungusha. Niliogopa mama atanifia njiani. Kila nilipofumba macho niliona boneti iko wazi, vumbi jekundu, mama kalala kiti cha nyuma, simu haishiki, na mimi nimesimama na spana mkononi nisijue nianze na nati ipi. Kwa kuwa hakuna duka linalouza dawa ya hofu ya namna hiyo, nikaenda kununua spea.

Nilianzia kwa fundi wangu Ilala. Gereji yake ni uwanja ambao mchanga wake umekuwa mweusi kwa oili, na yeye ndiye anayelitibu gari langu tangu nilinunue. Aliponiona naingia akadhani limeanza tena kutoa moshi.

"Halina kitu, fundi," nikamwambia. "Nataka kwenda nalo Niasa."

"Niasa ya wapi?"

"Msumbiji."

Akaacha kufuta mikono. "Nani anaumwa?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akalizunguka gari taratibu, akalala chini yake, na kutoka huko chini sauti yake ikaniambia kwamba ng'ambo ya mto hakuna duka la spea mpaka mji mkubwa, na kabla ya kufika mji mkubwa kuna pori ambalo mtu unaweza kukaa kutwa usikutane na chombo. "Kitakachokatika huko, kaka, ndiyo utakaa nacho."

"Basi niambie ninunue nini."

"Nunua. Lakini ukinunua, vile vipya tunavifunga hapahapa. Unavyobeba ni hivi vya zamani."

Nikapandwa na hasira. Hasira zangu ziko karibu, kila anayenijua anajua. Nikamwuliza inaingia akilini vipi kutoa mkanda mzima unaofanya kazi, nifunge mpya, halafu nibebe kuukuu. Mtu anayesafiri si anabeba kilicho kizima?

Alitoka chini ya gari, akakaa kitako. "Huu wa zamani naujua. Umezunguka humu mwaka mzima, haujawahi kuleta neno. Huo mpya bado uko kwenye boksi, hatujui tabia yake. Kama ni mbovu, acha ufe hapa Ilala, mimi nipo. Ukikwama porini, ufunge kitu ambacho umeshakiona kikifanya kazi. Au unataka ukajaribu bahati huko na bi mkubwa amekaa nyuma?"

Nilimwambia ana maneno mengi, naye akakubali.

Mitaa ya spea haiko mbali na kwetu. Nimepita hapo maisha yangu yote nikiwa na mawazo yangu, sijawahi kutazama kilichotundikwa. Safari hii nilitazama. Mipira ya rejeta inaning'inia mlangoni, beringi zimepangwa kwenye rafu zikiwa zimevikwa karatasi za mafuta, na ndani kabisa, gizani, kuna rundo la spea za mtumba zilizotolewa kwenye magari yaliyokufa nchi za watu. Muuzaji wangu ni mtu wa Kilimanjaro, ambaye sisi wateja wake tunamwita Mangi, kama wanavyoitwa wenzake wote wa huko wenye maduka, na yeye ameshachoka kutusahihisha. Nilimwomba pampu ya maji. Akaniwekea mbili mezani.

"Hii mpya, mzee wangu, ina boksi zuri. Hii ya mtumba haina boksi, lakini imetoka kwenye gari."

"Wewe ungechukua ipi?"

"Mimi sisafiri."

Nilizipima uzito, moja mkono huu, nyingine mkono huu. Ile ya mtumba ilikuwa nzito zaidi. Nilikwaruza kwa ukucha, nikanusa mpira, nikakunja uso kama wanunuzi wengine waliokuwa wakikunja nyuso zao pale. Nikachukua ya mtumba. Mangi akaipiga alama ya rangi nyeupe ubavuni, ili nikiirudisha ajue ni ya kwake, akaniuliza naenda wapi na mzigo wote huu. Nilipomwambia, naye akauliza nani anaumwa.

Basi, kununua kukaninogea. Fundi alikuwa amenitajia vitu vichache: mikanda, mipira ya rejeta, filta za dizeli, pampu ya maji, beringi za magurudumu ya mbele, fyuzi, waya, gundi ya chuma. Mimi kila nilipopita nikakumbuka kingine. Nikaongeza brekipedi. Nikaongeza nozeli. Nikaongeza shokapu mbili za nyuma ambazo fundi alisema wazi kwamba hazihitajiki, gari halisimami kwa sababu ya shokapu, litarukaruka tu. Nikamwambia kwamba mama yangu hataruka.

Kwa kuwa nyumba haina stoo, vyote vilikaa kwenye ukumbi, kuanzia mlango wa mbele hadi wa uani. Mke wangu alivumilia siku za mwanzo. Halafu akasimama katikati ya mipira ya rejeta akiwa na sinia la chai mkononi, akauliza, "Baba watoto, tunakwenda kumwona mgonjwa, au tunakwenda kufungua gereji?"

Mama hakulalamika. Alikuwa akipita kwenda kutawadha, anainua kanga kidogo, anaruka mpira wa rejeta kama mtu anayeruka mfereji, na akirudi anasimama kuniuliza. Kila siku aliuliza kimoja. Siku ya mkanda wa feni alikaa kabisa kwenye kigoda, akaushika.

"Huu wa nini, baba?"

"Unazungusha feni, mama. Injini isipate moto."

"Ulio kwenye gari umeharibika?"

"Haujaharibika. Tumeshafunga mpya. Huu ni wa akiba."

"Huo mpya utakatika?"

"Inshallah hautakatika."

"Sasa huu wa nini?"

"Mama, huko hakuna duka." Nilisema kwa ukali kidogo, maana nilikuwa nimeshaulizwa kuhusu filta jana yake na beringi juzi yake.

"Aa," akasema. Akaukunja mkanda vizuri, akanirudishia, akaenda zake kuswali.

Kufunga mzigo nilijifunza mwenyewe, kwa kukosea. Seremala wa mtaani alinitengenezea sanduku la mbao linaloingia nyuma ya viti. Nililijaza mara ya kwanza nikashindwa kuliinua. Nikalijaza nikiwa ndani ya gari, nikakuta vitu vya kuhitajika haraka viko chini kabisa. Mwishowe nikapata utaratibu: vizito chini na katikati, mipira na mikanda imekunjwa ndani ya tairi la akiba, spana juu ya kila kitu. Beringi nilizipaka grisi nikazitia kwenye makopo ya sukari kutoka dukani kwangu, yenye mfuniko wa kubana, fyuzi na balbu kwenye vikopo vya viungo. Mke wangu alikuja kutazama akacheka mpaka akashika ukuta. Alisema hii ndiyo mara ya kwanza nyumba ya babu kuwa na stoo, na imebidi iwe na magurudumu.

Mzigo wa mama ulikuja mwisho, alasiri ya kuamkia safari. Nilikuwa nimeegesha gari mbele ya baraza, milango yote iko wazi. Alitoa mfuko wa zawadi: doti za kanga, sabuni za mche, sukari, majani ya chai, dawa za kuchua. Akatoa mkoba wa nguo zake. Halafu akatoa furushi dogo lililofungwa kwa kanga ya zamani, ya rangi iliyopauka, fundo limekazwa sana. Nililipokea. Lilikuwa jepesi kwa ukubwa wake. Nikalisogeza nitafute mahali pa kulichomeka, na harufu ikanipanda puani. Karafuu maiti.

Anayeijua harufu ile haifananishi na nyingine. Ni ile tunayowatilia maiti wetu. Nililishika furushi, na kwa vidole tu nikajua vilivyomo: bafta iliyokunjwa, pamba, kichupa cha marashi, kipande cha sabuni ambacho hakijawahi kulowa.

"Mama," nikasema. "Hii ni sanda."

"Ndiyo."

"Ya nani?"

"Yangu. Unadhani nimebeba ya jirani?"

Nikamwambia haiendi. Nilisema kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwake, wapita njia wakageuka. Nikasema kama anakwenda na sanda basi hatuendi, gari nalirudisha Ilala, spea zote namrudishia Mangi, nimehangaika wiki zote hizi ili arudi salama na yeye anafungasha kana kwamba ameshaamua. Mama alisubiri. Ana namna ya kusubiri ambayo inamfanya mtu aishiwe maneno.

"Umebeba mkanda wa feni," akasema.

Nikalitazama sanduku la spea.

"Unauombea ukatike?"

"Hapana, mama."

"Na mimi siombei. Lakini si ulisema huko hakuna duka?"

Nikaliweka furushi juu ya kiti, nikaenda kukaa mwisho wa baraza, nikiwa nimewapa mgongo. Nililia. Si sana, lakini nililia, mtu mzima mwenye mvi, huku vijana wanapita na mikokoteni ya vitambaa wakiniambia nisogeze miguu.

Mke wangu akaja akakaa karibu. "Hukuwa unajua kama anayo?"

"Ningejulia wapi?"

"Iko kwenye sanduku lake tangu kabla hujanioa. Wewe ile harufu ya chumbani kwake ulidhani ni ya nini?"

Nilidhani ni ya mama. Hilo ndilo jibu, na nilishindwa kulitamka. Tangu nikiwa kijana, nikiingia chumbani kwake, harufu ile ilinipokea mlangoni, na mimi niliihesabu kuwa ndiyo yake, kama watu wengine wanavyojua mama zao kwa harufu ya moshi au ya vitunguu.

Mke wangu alikuwa na habari nzima, maana wanawake huelezana. Baba alifariki siku ya Idi, ghafla, asubuhi, kanzu mpya ikiwa bado mwilini. Maduka ya vitambaa yote yalikuwa yamefungwa. Kariakoo nzima, mahali ambapo huwezi kutembea bila kugongwa na jora la kitambaa, hapakupatikana bafta. Ami zangu walikwenda kugonga nyumba hadi nyumba, na walichokipata kilikuwa chepesi na hakikutosha vizuri. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka tu kwamba hatukula pilau. Mama alikumbuka kitambaa. Kabla eda yake haijaisha alishatuma mtu amnunulie yake, ikaingia sandukuni, na katika nyumba isiyoweka hata kibiriti cha kesho, hiyo ndiyo akiba pekee aliyoweka.

Nilipotulia nilirudi kwenye gari. Lilikuwa limejaa. Nikatoa zile shokapu mbili, nikazisukuma chini ya kitanda changu, ambako mpaka leo zipo. Nafasi ikapatikana, lakini ilikuwa karibu na dumu la dizeli, na sikutaka ile bafta ishike harufu ya dizeli. Nikaingia dukani, nikachagua kopo kubwa la bluu lenye mfuniko wa kubana na vishikio viwili pembeni, katika yale niliyoyaleta karibuni, nikalifuta vumbi, nikatia furushi ndani, nikalifunga mpaka likalia.

Mama alilitazama. "Hilo si la kuuza?"

"Lilikuwa la kuuza."

"Ahsante, baba," akasema, akapanda garini kujaribu kiti.

Safari yenyewe sitaisimulia yote. Mimi na mke wangu tulipokezana usukani hadi Songea. Baada ya hapo niliushika mwenyewe, maana mke wangu alisema lami ikiisha na yeye ameishia hapo. Tulivuka daraja, tukagongewa mihuri, tukaingia kwenye ile barabara nyekundu inayopanda na kushuka bila kumaliza. Nilisikiliza kila mlio. Kioo cha ndani nilikuwa nimekiinamisha kisinionyeshe nyuma ya gari, kinionyeshe kifua cha mama, na kila aliposinzia nilikitazama mpaka nione kinainuka. Mara moja alifumbua macho akanikamata. "Tazama barabara," akasema. "Mimi nipo."

Hakuna kilichokatika. Mkanda mpya ulikuwa na tabia nzuri kabisa. Tulipofika uani kwa mama mdogo, watu wakiwa wamejaa, mimi nimeshuka kifua mbele kama rubani, nikaenda kufungua mlango wa nyuma wa gari, haukufunguka. Vumbi na mitikisiko vilikuwa vimekiua kitasa. Kitasa cha mlango wa nyuma, kitu pekee ambacho si fundi, si Mangi, si mimi, aliyekiwazia. Spea zangu zote za thamani zilikuwa ndani, na spana ya kufungulia kitasa ilikuwa ndani pamoja nazo. Ikabidi mke wangu apande juu ya viti aanze kunipitishia mzigo mmoja mmoja kwa mlango wa pembeni. Mama mdogo, ambaye walimlaza juu ya mkeka kivulini ili aone wageni wakifika, alicheka mpaka akashika nyonga. Kitu cha kwanza kilichopita mikononi mwangu kilikuwa kopo la bluu.

Mama hakusubiri mzigo wowote. Alishuka na magoti yake, akaenda, akaketi juu ya ule mkeka, akamshika mdogo wake mguu. Wakakaa hivyo. Wale watu wote uani wakajifanya wana shughuli.

Siku tulizokaa huko walikuwa wakiongea Kiyao tangu alfajiri, nami naelewa nusunusu. Walikuwa wakigombana kuhusu nani alivunja chungu cha bibi yao. Mimi nilikuwa sina kazi, nikafanya urafiki na mjukuu mmoja wa mama mdogo, mtu mzima mwenye familia, ambaye ana pikapu ya aina moja na gari langu. Ilikuwa imesimama bandani tangu mvua zilizopita, kuku wanatagia kwenye kiti. Nikamwuliza ina nini. Akasema, mkanda wa feni. Nilikwenda nikautoa ule wa zamani kutoka ndani ya tairi la akiba, tukaufunga pamoja, na injini ilipowaka, kuku wakaruka, na mimi nikajisikia mtu mkubwa kuliko nilivyowahi kujisikia nikiuza ndoo. Mke wangu aliniuliza pembeni kama nina akili timamu, tunarudi na nini. Nikamwambia turudi salama tu, mimi Dar mkanda nanunua wakati wowote.

Tuliagana asubuhi. Hilo nalo sitalisimulia. Wenyewe walijua wanaagana vipi.

Tulipofika Songea tukasimama kwa ajili ya chai, na nilipokuwa napanga upya mzigo nikalinyanyua kopo la bluu. Lilikuwa zito. Nikafungua mfuniko. Lilikuwa limejaa maharage mapya, mekundu, hadi juu.

Nikaenda nalo mpaka kwenye dirisha la mama. "Mama, furushi lako liko wapi?"

"Nimemwachia mdogo wangu."

"Umemwachia?"

"Hakuwa nayo. Kule wanazika na walichonacho. Bafta mpaka mtu aende mjini, na ile barabara umeiona." Akarekebisha ushungi. "Aliipenda. Alisema kitambaa kizito."

"Na wewe je?"

Alinitazama kwa huruma, kama alivyonitazama nilipokuwa mdogo nikishindwa kufunga kifungo.

"Mimi si narudi Kariakoo, mwanangu?"

Tulirudi salama. Spea zote, ukitoa mkanda, zilirudi kama zilivyokwenda, na chache kati yake zimebaki ndani ya lile sanduku mpaka sasa kwa sababu mke wangu amegundua linafaa kukalia. Mama alirudia maisha yake. Nilipomkumbusha habari ya kununua nyingine alisema, haraka ya nini, duka lipo. Chumbani kwake nilikuwa naingia kumsalimia asubuhi, shikamoo, marahaba, na kuna kitu kilikuwa kimepungua humo ndani, nami nilijua ni nini, sikukitaja.

Simu ilitoka kilimani wakati mvua zinaanza. Alikuwa yule mjukuu mwenye pikapu. Mama aliipokea mwenyewe, akasikiliza, akasema inna lillahi. Halafu akauliza swali moja tu, kwa sauti ya juu ili asikike: "Mlimvika ile?" Akasikiliza tena. "Ilimtosha?" Akafumba macho. "Ahsanteni," akasema. "Ahsanteni sana, wanangu."

Tulisoma hitima baada ya siku tatu. Wageni walipokwisha kuondoka mama alitoka kwenye baraza akiwa amevaa baibui, akanyoosha mkono. "Sasa nivushe barabara."

Nikamvusha. Duka la vitambaa liko mkabala na langu. Mwenye duka alikuwa na kijana mgeni ambaye hatufahamu, mwenye adabu. Mama aliomba bafta. Akaletewa jora la kwanza, akalishika kwa vidole viwili, akalikwaruza kwa ukucha, akalinusa, akalisukuma pembeni. Akaletewa la pili, akalipima uzito mkononi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikamkumbuka Mangi na pampu zake mbili. Akalikubali la tatu.

Kijana akachukua kipimo chake. "Poleni na msiba, mama."

"Tumeshapoa."

"Marehemu alikuwa na urefu gani?"

Mama alijinyoosha kidogo, kadiri mgongo ulivyomruhusu, akashikilia meza.

"Kama mimi," akasema. "Pima vizuri, usinipunje."

Kijana akanitazama mimi. Nilimwashiria apime. Akapima, akakata, akakunja, na mama akaubana ule mzigo kwapani, akakataa nimsaidie. Tuliporudi ng'ambo tukapitia duka la dawa za asili kununua kilichobaki, karafuu maiti kwanza, nikamsaidia kuvua viatu mlangoni, nikarudi dukani kwangu kuuza ndoo.

Jioni niliingia chumbani kwake kumjulia hali. Alikuwa amesinzia, sanduku limefungwa, kanga imetandazwa juu yake. Nilisimama mlangoni nikavuta pumzi, nikatazama kifua chake mpaka nikaona kimeinuka. Kulikuwa kunanukia mama.